Mtoto wako anacheza wapi? Somo la bustani zilizojengwa juu ya barabara kuu

Ndugu msomaji, katika jiji la Dallas nchini Marekani kuna bustani ambayo watoto hukimbia kwenye nyasi, wazee hukaa kivulini na wafanyakazi wa ofisini hula chakula cha mchana, huku magari yakipita kwa kasi chini ya miguu yao. Inaitwa Klyde Warren Park. Ilifunguliwa Oktoba 2012 juu ya barabara kuu ya njia nyingi iliyokuwa imeligawa eneo la katikati ya jiji. Wahandisi waliifunika barabara hiyo kwa zege, wakaweka udongo juu yake, kisha wakapanda miti. Ukubwa wa bustani ni ekari 5.2, yaani karibu viwanja vitatu vya mpira wa miguu. Gharama yake ilikuwa takriban Dola milioni 110 za Marekani.

Pengine unajiuliza haya yanamhusu vipi daktari wa Singida na wagonjwa wake. Yanatuhusu sana. Kuna maswali mawili ninayowauliza watu wengi wanaokuja kutibiwa. Kwa mzazi nauliza, “Mtoto wako anacheza wapi?” Kwa mtu mzima mwenye presha au kisukari nauliza, “Unatembea wapi?” Majibu hufanana. Mmoja atasema, “Anacheza hapo nje, karibu na barabara.” Mwingine atasema, “Namfungia ndani daktari, magari yamezidi.” Mwenye presha atasema anatembea pembeni ya lami, malori yakimpita begani.

Wenzetu wanatumia mabilioni kurudisha nafasi waliyoitoa kwa magari miaka mingi iliyopita. Sisi nafasi hiyo bado tunayo, japo inapungua. Leo nataka tuone kwa nini nafasi hiyo ni sehemu ya matibabu, na nini unaweza kufanya wiki hii bila kusubiri fedha za mtu yeyote.

Kwa nini miji inafunika barabara

Dallas haikuwa ya kwanza. Mji wa Seattle, pia Marekani, ulifungua Freeway Park Julai 1976 juu ya barabara kuu inayopita katikati ya mji. Huko Hamburg, Ujerumani, wamekuwa wakifunika vipande vya barabara kuu ya A7, ambayo hupitisha magari zaidi ya 100,000 kwa siku. Sababu kubwa huko ilikuwa kelele. Watu waliokuwa wakiishi kando ya barabara hawakuweza kulala vizuri, na juu ya paa la barabara zikapangwa bustani.

Karibu na kwetu, Nairobi ina hadithi inayofanana na hii, ila imegeuzwa. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Alitukanwa na kudhihakiwa, lakini jengo halikujengwa na bustani ikabaki. Miaka zaidi ya 30 baadaye ikajengwa barabara ya juu ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27, inayopita kando ya bustani hiyohiyo. Ilianza kutumika Mei 2022. Wakati wa ujenzi, mti mkubwa wa mugumo ulioko Westlands ulitakiwa kuondolewa. Wananchi walilalamika, na mwishoni mwa mwaka 2020 Rais wa Kenya akaamuru uachwe. Dallas bustani imekaa juu ya barabara. Nairobi barabara imekaa juu, na watu wamelazimika kuitetea bustani iliyoko chini.

Miji yote hii ina jambo moja linalofanana: eneo la wazi likishakwenda, kulirudisha ni ghali sana. Sasa tuangalie eneo hilo linaufanyia nini mwili wa binadamu.

Moshi na vumbi

Moshi wa magari, hasa ya dizeli, una chembechembe ndogo mno ambazo macho hayawezi kuziona. Ni ndogo kuliko unywele kwa mara nyingi, hivyo hazikamatwi puani. Hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Mtoto huathirika zaidi ya mtu mzima kwa sababu tatu. Kwanza, kwa kila kilo ya uzito wake huvuta hewa nyingi kuliko wewe. Pili, mapafu yake bado yanakua. Tatu, kimo chake kinamweka karibu na bomba la moshi.

Habari njema ni kwamba moshi wa barabarani hupungua kadiri unavyoondoka kwenye lami. Ukifika umbali wa kati ya mita 150 na 300, sehemu kubwa ya uchafu unaotokana na barabara hiyo huwa imetawanyika. Kwa hiyo mtoto anayecheza mita 10 kutoka kwenye lami na yule anayecheza nyuma ya nyumba za mtaa wa tatu hawavuti hewa moja, japo wanaishi kata moja.

Kwetu Singida tunaongeza vumbi. Wakati wa kiangazi upepo huwa mkali, na mabega ya barabara ambayo hayana lami hutoa vumbi kila lori linapopita. Vumbi hilo huamsha pumu, huwasha macho na kukausha koo.

Mzazi, mpeleke mtoto kupimwa ukiona dalili hizi: kikohozi kinachorudi mara kwa mara hasa usiku au alfajiri, kifua kinachopiga filimbi, au kukohoa kila anapokimbia. Hizo zinaweza kuwa dalili za pumu. Wazazi wengi wakisikia neno hilo humkataza mtoto kucheza. Si lazima. Pumu ikidhibitiwa vizuri kwa pampu ya kuvuta dawa, mtoto anaweza kukimbia na kucheza mpira kama wenzake. Kwa mtoto mdogo, dawa huingia vizuri zaidi ukitumia chombo cha kupitishia. Kama huna cha dukani, muulize mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kutengeneza kwa chupa ya plastiki ya nusu lita.

Ukiona mtoto anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta hewa, au midomo inabadilika rangi kuwa ya bluu, hiyo ni dharura. Mpe dawa yake ya kufungua kifua na umkimbize hospitali muda huohuo.

Kelele

Watu wengi huona kelele kama kero tu. Mwili hauoni hivyo. Lori likipiga breki au honi usiku, moyo huongeza mapigo na mishipa ya damu hukaza hata kama hukuamka. Hali hiyo ikijirudia kila usiku kwa miaka, huchangia presha na magonjwa ya moyo. Kwa mtoto, usingizi unaokatikakatika huonekana mchana: hasira, kusinzia darasani, kushindwa kukaa na jambo moja.

Kama nyumba yako iko kando ya barabara kuu, chumba cha kulala watoto kiwe upande wa nyuma, mbali na lami. Dirisha linalotazama barabara liwe la sebule au stoo. Hili halina gharama kwa anayepanga vyumba, na kwa anayejenga ni suala la kulifikiria kabla ya kumwita fundi.

Ajali

WHO inaeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kusababisha vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Katika mkoa wetu, barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma hupita Manyoni, Issuna, Ikungi na Puma hadi Singida mjini, kisha huendelea Iguguno na Shelui kuelekea Nzega. Malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapo usiku na mchana. Kandokando yake kuna nyumba, masoko, shule na watoto.

Kuna jambo kuhusu watoto ambalo kila mzazi anatakiwa kulijua. Mtoto wa chini ya miaka 10 hivi anaweza kuliona gari, lakini ubongo wake bado hauwezi kukadiria vizuri liko umbali gani na linakuja kwa kasi gani. Ukimwambia “angalia kulia na kushoto” ataangalia, kisha atavuka gari likiwa limeshafika. Huyo si mtundu. Umri wake ndio haujafika. Mshike mkono.

Kwa upande wa dereva, mwendo wa kilomita 50 kwa saa ndio ukomo kisheria katika maeneo ya makazi. Hata kwa mwendo huo, dereva aliye makini, kwenye barabara kavu, huhitaji zaidi ya mita 25 ili gari dogo lisimame kabisa. Lori lililobeba mzigo huhitaji zaidi ya hapo. Mpira ukitoka uwanjani na kuvuka lami, mtoto atauendea bila kufikiri. Ndiyo maana uwanja wa watoto hautakiwi kupakana na barabara bila uzio.

Mwili unaohitaji kutembea

WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku za kukimbia, kuruka na michezo mingine inayoufanya moyo upige kwa nguvu. Watu wazima wanahitaji angalau dakika 150 kwa wiki. Ukizigawa, ni dakika 30 kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha. Kipimo ni hiki: uweze kuongea lakini usiweze kuimba.

Faida zake zinapimika. Kwa mtu mwenye presha, mazoezi ya namna hii yakifanyika mara kwa mara hushusha kipimo cha juu kwa takriban pointi 5. Husaidia sukari kushuka kwa mwenye kisukari, huimarisha mifupa na huleta usingizi. Kwa mtoto kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: kukaa nje kwenye mwanga wa mchana hupunguza uwezekano wa kupata tatizo la kutoona mbali. Mtoto anayefungiwa ndani na simu siku nzima ameepushwa na gari, lakini macho, uzito na misuli yake vinalipa gharama.

Tahadhari kwa watu wazima. Usiache dawa za presha au kisukari kwa sababu umeanza kutembea. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofungwa, akague nyayo kila jioni na abebe kitu kitamu endapo sukari itashuka njiani. Ukipata maumivu ya kifua yanayobana, kizunguzungu au pumzi kukata, simama na uende hospitali.

Hapa ndipo ushauri wa daktari na ramani ya mji vinapokutana. Nikikuambia utembee nusu saa kila siku, nawe huna mahali pa kutembea isipokuwa pembeni ya malori, nimekupa dawa isiyopatikana dukani.

Bustani hizo nazo zina kasoro

Bustani ya juu ya barabara haimalizi moshi. Magari bado yapo, na moshi hutokea kwenye midomo miwili ya sehemu iliyofunikwa. Wanaoishi karibu na midomo hiyo wanahitaji kufikiriwa. Pia bustani inahitaji watu. Freeway Park ya Seattle ilipitia miaka ambayo wakazi waliogopa kupita humo kwa sababu ya pembe zilizojificha na uhalifu, mpaka wananchi na mamlaka za mji walipoanza juhudi za kuirudisha. Mahali pa watoto panatakiwa kuonekana kutoka pande zote na kuwa na watu wazima wanaopita. Vichaka virefu na kona za giza havifai, hata kama vinapendeza kwenye picha.

Singida ina nini

Sisi hatuhitaji kufunika barabara. Manispaa ya Singida ina maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, ndani ya mji wenyewe. Ndege huja, upepo ni mzuri, na miamba mikubwa hutoa kivuli jioni. Ni mji upi mkubwa duniani usiotamani hali hiyo?

Sheria nayo inatusaidia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi huifahamu kama sheria ya kulinda maji. Mimi kama daktari naiona pia kama sheria ya kulinda mishipa ya moyo. Mita 60 kuzunguka ziwa, zikiwa safi, wazi na zenye njia ya miguu, ni mahali pa kutembea pasipo na lori hata moja. Zikimezwa na kuta na vifusi, tutakuja kuzitafuta kwa bei ya Dallas.

Vilevile kuna viwanja vya shule na maeneo ya wazi yaliyoonyeshwa kwenye michoro ya mipango miji. Una haki ya kuuliza katika ofisi ya mtaa wako au ofisi ya mipango miji eneo la wazi la mtaa wenu liko wapi na linatumikaje. Liulize kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu. Eneo ambalo wananchi wanalijua ni gumu kugeuzwa fremu za maduka kimyakimya.

Mambo ya kufanya wiki hii

Anza kwa kupima umbali. Tembea kutoka kwenye lami hadi mahali mtoto wako anapocheza, ukihesabu hatua. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Kama hujafika 150, tafuta mahali pengine, au angalau sogea nyuma ya safu ya nyumba.

Zungumza na majirani watatu au wanne. Pangeni zamu: kila jioni mtu mzima mmoja awapeleke watoto wote uwanjani kwa saa moja. Mzazi anayefungia mtoto ndani mara nyingi ni kwa sababu yuko peke yake, na zamu huondoa tatizo hilo.

Ongea na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu kuhusu kutumia uwanja baada ya masomo, kwa makubaliano ya usafi na ulinzi.

Pandeni miti kati ya uwanja na barabara. Mwarobaini huvumilia ukame wetu na hutoa kivuli. Miti hupunguza vumbi na huzuia mpira, ingawa haichukui nafasi ya umbali. Mkitumia minyaa kama uzio, wafundisheni watoto wasiivunje, kwani utomvu wake huunguza macho. Ukimwingia mtoto, oshea jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20, kisha mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Siku ya upepo mkali na vumbi, mtoto mwenye pumu acheze asubuhi kabla upepo haujachachamaa, au abaki upande uliokingwa na nyumba.

Mkienda ziwani, mtu mzima awe na watoto muda wote, akiwaona kwa macho. Mtoto huzama kimya, hapigi kelele. Miamba yenye unyevu huteleza, kwa hiyo wasipande baada ya mvua.

Kwenye kuvuka barabara, mtoto wa chini ya miaka 10 ashikwe mkono. Mkishuka kwenye basi, subirini liondoke kwanza ndipo mvuke. Msivuke mbele yake. Jioni mtoto avae nguo nyeupe au yenye rangi angavu.

Mwisho, ndugu msomaji, hakuna dawa ninayoweza kukuandikia itakayofanya kazi ya uwanja wa wazi. Naweza kukupa pampu ya pumu na vidonge vya presha, na utavihitaji. Lakini mahali pa kukimbilia mtoto wako, na pa wewe kutembea jioni bila kuogopa lori, panalindwa na mtaa mzima. Jumamosi hii watoe watoto nje, mtembee pamoja hadi eneo la wazi lililo karibu nanyi. Mkilikuta bado lipo, waonyesheni majirani. Mkikuta limeanza kuzungushiwa uzio, ulizeni ni la nani.